Jinsi ya Kufuatilia Nakala Rudufu kwa Kipimo cha Malengo ya Urejeshaji: Mwongozo Kamili

Wasimamizi wengi wa mifumo hufungua barua pepe asubuhi, wakaona alama ya kijani kwamba kazi ya usiku imekamilika, kisha wakaendelea na shughuli nyingine. Siku seva inapoharibika ndipo inapobainika kwamba nakala inayofaa ni ya siku tatu nyuma, au kwamba kuirejesha kunachukua saa 14 ilhali makubaliano yanaruhusu saa 4. Alama ile ya kijani haikudanganya. Ilisema tu kwamba programu ilifika mwisho bila kulalamika. Haikusema ni data ya lini inayoweza kurudishwa, wala itarudi baada ya muda gani.

Mwongozo huu unajenga ufuatiliaji unaojibu maswali hayo mawili kwa kila mfumo. Istilahi tatu zitajirudia. RPO ni kipimo cha data unayokubali kuipoteza, nacho huhesabiwa kwa muda: RPO ya saa 24 maana yake ni kwamba janga likitokea sasa, data iliyorejeshwa isiwe ya zamani kupita saa 24. RTO ni muda unaoruhusiwa tangu huduma ianguke hadi irudi kwa watumiaji. SLA ni makubaliano ya kiwango cha huduma baina ya anayetoa huduma na anayeitumia.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa kuwa wengi hukwama katikati kwa kukosa kimojawapo:

- Orodha ya mifumo yote inayofanya kazi, iliyotolewa kwenye daftari la mali au kwenye mtandao wenyewe, si kwenye programu ya nakala.
- Jina la mwenye mfumo, yaani mtu wa upande wa shughuli mwenye mamlaka ya kusema ni hasara gani inavumilika.
- Ruhusa ya kusoma tu kwenye hifadhi ya nakala.
- Mashine ya ufuatiliaji iliyo nje ya seva zinazofuatiliwa, na ikiwezekana nje ya jengo.
- Mahali pa kurejeshea kwa majaribio, palipotengwa na mtandao wa kazi.
- Saa za seva zote zilizolinganishwa kwa NTP (itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao), na kumbukumbu zote kuandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia.
- Njia mbili tofauti za kufikisha tahadhari, kwa mfano ujumbe wa simu pamoja na barua pepe.

## Hatua ya 1: Andika lengo la kila mfumo, na mwenye mfumo akubali

Fundi asijipangie malengo peke yake. Mwulize mwenye mfumo kwa lugha ya kazi yake: «Mkilazimika kuingiza upya kwa mkono shughuli za saa ngapi, mtaweza?» Jibu lake ndilo RPO. Kisha mwulize watu wake wanaweza kufanya kazi kwa karatasi kwa muda gani kabla madhara hayajawa makubwa. Hilo ndilo linalokupa RTO.

Andikeni pia saa ya RTO inaanza kuhesabiwa lini: huduma inapoanguka, inapogunduliwa, au msimamizi anapotangaza janga? Tofauti hiyo inaweza kuwa ya saa nzima, na nimeona mabishano makali yakizuka baada ya tukio kwa sababu tu sentensi hiyo moja haikuandikwa.

Onyo la kwanza. Linganisha RTO na SLA kabla ya kutia saini. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Upatikanaji wa asilimia 99.9 unaruhusu kukatika kwa dakika 43.2 pekee, na wa asilimia 99.5 unaruhusu saa 3.6. Mfumo wenye RTO ya saa 4 ukirejeshwa ndani ya muda wake, tayari utakuwa umevunja viwango vyote viwili. Ama SLA itaje kwamba majanga yanahesabiwa kando, ama mfumo uwe na seva pacha iliyo tayari kuchukua nafasi.

Onyo la pili. Seva pacha haichukui nafasi ya nakala rudufu. Mtu akifuta jedwali kwenye seva kuu, amri hiyo hiyo hutekelezwa kwenye pacha mara moja.

*Umefanikiwa* pale kila mfumo unapokuwa na mstari mmoja wenye RPO, RTO, muda wa kutunza nakala, jina la mwenye mfumo na tarehe aliyokubali.

## Hatua ya 2: Kokotoa kama ratiba yako inaweza kutimiza lengo

Hapa ndipo kosa linalojirudia kuliko yote linapofanyika. Mtu ana RPO ya saa 24, anapanga nakala mara moja kila usiku, na anaamini amemaliza.

Tuchukue hifadhidata ambayo nakala yake huanza saa 6 usiku, humalizika saa 9, na hufika kwenye hifadhi ya eneo la pili saa 11 alfajiri. Nakala hiyo ina data ilivyokuwa saa 6 usiku, lakini haiwezi kutegemewa mpaka saa 11, saa 5 baadaye. Jengo likiungua usiku unaofuata saa 11 kasorobo, nakala ya usiku huo bado iko njiani, na iliyo salama ni ya saa 6 ya usiku wa jana yake. Data iliyopotea ni ya takriban saa 29, ingawa hakuna kazi hata moja iliyoshindwa.

Kanuni ni hii: hasara ya juu kabisa katika hali ya kawaida ni nafasi kati ya nakala mbili, ukijumlisha muda wa kuitengeneza na kuifikisha mahali salama. Ukitaka lengo lihimili usiku mmoja mbaya, hesabu nafasi hiyo mara mbili.

Kwa mfano wetu, nakala kila baada ya saa 12 hutoa 12 + 5 = saa 17 katika siku njema, lakini kazi moja ikishindwa tunafika 24 + 5 = saa 29, na lengo limevunjika. Nakala kila baada ya saa 8 hutoa saa 13 siku njema na saa 21 kazi moja ikishindwa. Ratiba hii ya pili ndiyo inayotimiza RPO ya saa 24, nami nisingekubali iliyo legevu zaidi ya hiyo.

*Umefanikiwa* pale unapoweza kumwonyesha mwenye mfumo hesabu hiyo kwa karatasi. Hesabu ikikataa, usiendelee. Ufuatiliaji wowote utakaoujenga utakuwa unapiga kelele kila siku kwa kosa la mpango.

## Hatua ya 3: Pima umri wa nakala kutoka kwenye hifadhi yenyewe

Kipimo kikuu cha mfumo mzima ni kimoja: wakati wa sasa, ukitoa wakati wa data iliyomo kwenye nakala mpya zaidi iliyo mahali salama. Kisome kutoka kwenye hifadhi ya mwisho. Kumbukumbu za programu huonyesha kilichojaribiwa, hifadhi huonyesha kilichopo.

Angalia unasoma wakati gani. Nakala ya pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata za PostgreSQL, hubeba hali ya hifadhidata ilivyokuwa kazi ilipoanza, kwa hiyo tarehe ya faili, ambayo ni ya kumalizika, itakupa umri mdogo kuliko ukweli. Kwa restic, programu ya nakala rudufu, amri ifuatayo hutoa nakala ya karibuni pamoja na wakati ilipoanza:

`restic snapshots --latest 1 --json`

Kwa pgBackRest, programu nyingine ya nakala za PostgreSQL, `pgbackrest info --output=json` hutoa wakati wa kuanza na wa kumaliza; huko hali ni tofauti kidogo, kwa sababu nakala ya faili za hifadhidata hukamilishwa na kumbukumbu za miamala (rekodi ya kila badiliko la data) na huwa timilifu inapomalizika.

Mifumo inayosafirisha kumbukumbu za miamala ya PostgreSQL mfululizo ina kipimo chake. Umri wa RPO huko ni umri wa faili ya mwisho iliyofika kwenye hifadhi, nao unaonekana kwenye `pg_stat_archiver`, safu ya `last_archived_time`. Safu ya `failed_count` huhesabu majaribio yaliyoshindwa. Kumbuka kwamba faili hizo kwa kawaida zina megabaiti 16, na hifadhidata isiyo na shughuli nyingi inaweza kukaa muda mrefu kabla ya kuijaza moja. Bila kuweka `archive_timeout`, miamala ya mwisho ya usiku inaweza kubaki kwenye diski ileile unayohofia itaharibika.

Onyo. Anza na orodha ya mifumo iliyo hai, kisha tafuta nakala ya kila mmoja. Ukianza na orodha ya programu ya nakala, seva iliyowashwa mwezi uliopita na kusahauliwa haitaonekana popote, kwa kuwa kazi isiyokuwepo haiwezi kushindwa. Mfumo usio na nakala uonyeshwe kwenye dashibodi kama umevunja lengo, usiachwe wazi.

*Umefanikiwa* pale dashibodi inapoonyesha, kwa kila mfumo, umri kwa saa, RPO yake, na saa zilizosalia kabla lengo halijavunjika.

## Hatua ya 4: Weka vizingiti vinavyokupa muda wa kutenda

Tahadhari inayolia RPO ikiwa imeshavunjika inakupa habari ya msiba tu. Inapaswa kulia ukiwa bado na muda wa kutengeneza nakala nyingine.

Kwa mfano wetu, siku njema umri haupiti saa 13. Weka onyo la kwanza kwenye saa 14: kuna nakala moja iliyokosekana, fundi wa zamu atazame. Onyo kali likae kwenye saa 19, yaani RPO ya saa 24 ukitoa saa 5 zinazohitajika kukamilisha nakala mpya na kuifikisha. Fundi akiianzisha papo hapo, atafika kwenye saa 24 bila nafasi ya ziada. Kwa hiyo onyo la saa 14 lisipuuzwe.

Usitumie kizingiti kimoja kwa mifumo yote, na usitume onyo la kwanza kwa watu kumi. Ujumbe unaopokewa na kila mtu hudhaniwa kuwa umeshughulikiwa na mwingine.

*Umefanikiwa* pale unaposimamisha kazi moja kwa makusudi na onyo kumfikia mtu sahihi kwa wakati uliokokotoa.

## Hatua ya 5: Fuatilia ukimya

Programu iliyoshindwa inaweza kutuma malalamiko. Programu ambayo haikuanza kabisa, kwa sababu cron (programu inayoanzisha kazi kwa ratiba) imezimwa, nywila imeisha muda au seva imeondolewa, haitumi chochote. Ndiyo maana ujumbe wa kushindwa hautoshi.

Geuza utaratibu: kila kazi itume ishara ya uhai kwa mashine ya ufuatiliaji baada ya hatua yake ya mwisho kufaulu, na mashine hiyo ndiyo itoe tahadhari ishara isipofika kwa wakati. Ishara itumwe baada ya nakala kufika eneo la pili, si baada ya faili kuandikwa kwenye diski ya karibu.

Kisa cha GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, kinalionyesha jambo hili vizuri, na kampuni yenyewe ilikichapisha waziwazi. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi alifuta kimakosa data ya hifadhidata kuu. Nakala za pg_dump zilizotarajiwa hazikuwapo: pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa ikiendeshwa dhidi ya hifadhidata ya toleo la 9.6 na kushindwa kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa kwa sababu ya kanuni za DMARC, zinazothibitisha mtumaji wa barua pepe, hivyo ukimya ulifanana na usalama. Waliokolewa na picha ya diski ambayo ilikuwa imepigwa kwa mkono takriban saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Onyo kwa wanaoandika skripti zao. Amri `pg_dump duka | gzip > duka.gz` hurudisha matokeo ya gzip, programu ya kubana faili, si ya pg_dump. Kazi ya kwanza ikianguka, ya pili bado itasema imefaulu. Weka `set -o pipefail` mwanzoni mwa skripti ya bash, ili kushindwa kwa amri yoyote ya mnyororo kuhesabiwe.

## Hatua ya 6: Tazama ukubwa na muda wa kazi

Umri mzuri wa faili tupu hauna faida. Gzip isiyopokea kitu huandika faili ya baiti 20, yenye tarehe ya leo na jina sahihi. Linganisha kila nakala na wastani wa nakala saba zilizotangulia: ikipungua chini ya nusu, toa onyo.

Ongezeko la ghafla nalo lichunguzwe. Nakala za nyongeza hubeba mabadiliko tu. Zikivimba mara kadhaa bila sababu ya kikazi, huenda faili zinasimbwa na programu hasidi, kwa kuwa data iliyosimbwa huonekana mpya yote na haibaniki. Ukiona hivyo, simamisha kwanza ufutaji wa nakala za zamani, ndipo uulize maswali.

Muda wa kazi hukua polepole pamoja na data, na ukikua, hesabu ya Hatua ya 2 huharibika bila mtu kugusa chochote. Ikokotoe upya kila robo mwaka.

## Hatua ya 7: Rejesha kwa majaribio huku ukipima saa

Hadi hapa tumepima RPO kwa makadirio, na RTO hatujaigusa. Haina njia ya mkato: hupimwa kwa kurejesha.

Anza na hesabu ya mtandao, kwa sababu mara nyingi inamaliza mjadala mapema. Terabaiti 2 kwenye kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabaiti 125 kwa sekunde, huchukua saa 4.4 kwa nadharia. Kwenye kiungo cha megabiti 100 huchukua saa 44. Uhalisia huwa mbaya zaidi. Mwenye RTO ya saa 4 na nakala yake iko ng'ambo ya kiungo cha megabiti 100 hahitaji jaribio kujua kwamba atashindwa. Anahitaji nakala ya karibu.

Kisha fanya jaribio kwa mpangilio huu:

1. Tenga mazingira. Zuia mawasiliano yote ya nje kabla ya kuwasha mfumo uliorejeshwa, la sivyo unaweza kutuma barua pepe za zamani kwa wateja au kurudia malipo.
2. Mpe kazi mtu ambaye hakuandika maelekezo. Aliyeyaandika atajaza mapengo kwa kumbukumbu yake bila kujua.
3. Mkabidhi tu vile ambavyo vingekuwepo siku ya janga. Nywila ya kufungulia nakala ikiwa imehifadhiwa kwenye seva iliyokufa pekee, nakala hiyo ni kelele tupu.
4. Andika saa ya kila kipande: kugundua, kuamua, kupata seva, kupakua, kurejesha, kutekeleza kumbukumbu za miamala, kuhakiki, kuelekeza watumiaji. Wengi hupima kipande cha kurejesha pekee, kisha wanashangaa vingine vimekula nusu ya RTO.
5. Hakiki kwa data. Hesabu safu za majedwali makuu, fungua nyaraka chache, mwombe mwenye mfumo atafute rekodi anayoijua. Kisha tafuta rekodi mpya kuliko zote: tofauti kati ya wakati wake na wakati uliojifanya janga limetokea ndiyo hasara halisi, kwa sharti kwamba mfumo ulikuwa ukipokea data muda wote huo.

Jaribio kamili la mfumo muhimu lifanyike angalau kila robo mwaka. Katikati yake, panga urejeshaji mdogo wa kila wiki unaojiendesha: hifadhidata moja irudishwe, maswali matatu yaulizwe, muda uandikwe. Amri kama `restic check --read-data-subset=5%` husaidia kugundua data iliyooza kwenye hifadhi, ila haisemi lolote kuhusu kama mfumo utawaka.

*Umefanikiwa* pale unapokuwa na namba mbili zenye tarehe, muda uliopimwa na hasara iliyopimwa, ambazo mwenye mfumo amezishuhudia. Jaribio lililoshindwa nalo ni mafanikio ya aina yake, mradi liandikwe.

## Hatua ya 8: Toa ripoti isiyoficha mfumo mgonjwa

Ripoti nyingi husema «kazi zilizofaulu: asilimia 98». Kwenye kazi 200 za kila usiku, hiyo ni kazi 4 zilizoshindwa. Zikiwa nne tofauti kila usiku, hakuna mfumo uliokaa muda mrefu bila nakala. Zikiwa zilezile nne kwa mwezi mzima, kuna mifumo ambayo nakala zake zina umri wa siku 30, na asilimia inabaki ileile. Iondoe namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Badala yake, kila mfumo uwe na mstari wake: RPO, umri wa juu uliofikiwa mwezi huo, saa ulizokaa nje ya lengo, RTO, muda uliopimwa katika jaribio la mwisho, na tarehe ya jaribio. Mfumo ambao haujajaribiwa ndani ya muda uliopangwa uandikwe «haijulikani», hata kama nakala zake zote ni za kijani. Mfano:

*Hifadhidata ya mauzo: RPO saa 24, umri wa juu saa 21, nje ya lengo saa 0. RTO saa 4, uliopimwa saa 6 na dakika 10. Lengo halijatimizwa.*

Mstari kama huo una majibu matatu tu: kubadilisha njia, kwa mfano kuweka nakala ya karibu au seva pacha; kuongeza uwezo wa mtandao na diski; au mwenye mfumo kukubali kwa maandishi RTO mpya ya saa 8 na SLA kurekebishwa ifuate. Wewe pendekeza na uweke gharama ya kila njia, yeye achague. Akichagua, rudi kwenye mstari uliouandika katika Hatua ya 1, badilisha namba na tarehe, kisha rekebisha vizingiti siku hiyohiyo.